Padri aliyepima dunia, na hesabu ya hatari katika bursa

Karibu kila jioni redio hutangaza kwamba bei za hisa zimepanda huko New York, au zimeshuka huko London na Paris. Wengi wetu huiacha habari hiyo ipite kama upepo, maana tunafikiri ni mambo ya matajiri wa mbali. Lakini shaba ya Katanga hupewa bei yake katika soko la London, na bei ya kahawa ya Kivu hufuata masoko ya ng'ambo. Mwaka wa 1974 bei ya shaba ilishuka zaidi ya nusu katika muda usiofika mwaka mzima, na hazina ya nchi yetu ikapungukiwa sana. Walioumia hawakuwa matajiri peke yao. Basi si vibaya tujue namna watu walivyojifunza kupima hatari ya masoko hayo, namna kipimo chao kilivyowadanganya, na namna kilivyotengenezwa upya.

Tena katika historia hiyo tunakutana na padri mmoja wa Shirika la Yesu, aliyeishi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kazi yake ilikuwa kupima dunia, si kupima masoko. Hata hivyo kanuni aliyoitunga ndiyo iliyorudi kuwasaidia wenye kuhesabu hatari za bursa katika siku zetu.

Bursa ni nini?

Katika karne za kati mji wa Bruges, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, ulikuwa kituo kikubwa cha wafanya biashara. Walikutana mbele ya nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze, na jina la ukoo huo likawa jina la mahali pa kuuziana. Ndipo lilipotoka neno letu bursa. Mwaka wa 1531 mji wa Antwerpen ulijenga nyumba kubwa kwa kazi hiyo. Mwaka wa 1602 Waholanzi waliunda shirika la biashara na nchi za Asia, wakaugawa mtaji wake katika mafungu, na watu wakaanza kuuziana mafungu hayo huko Amsterdam. Fungu la namna hiyo ndilo tunaloliita hisa, au aksio kama wanavyosema watu wa mjini.

Tutoe mfano. Watu 10 wa Uvira wananunua pamoja mtumbwi mkubwa wa kuvua ndagala. Kila mmoja ana sehemu moja ya 10. Mmoja akitaka kuhamia Bukavu, anaweza kumwuzia mwingine sehemu yake. Je, kwa bei gani? Inategemea mnunuzi anafikiri nini juu ya mavuno ya kesho. Samaki wakiwa wengi, atalipa zaidi. Akisikia kwamba injini imeharibika, atalipa kidogo au atakataa kabisa. Bei ya hisa ni hivyo: haihesabu mali ya leo tu, bali pia matumaini na hofu za watu. Kwa hiyo hupanda na kushuka kila saa, na mwenye hisa hawezi kujua kwa hakika kesho atakuwa na kiasi gani. Hiyo ndiyo hatari tunayoizungumzia.

Msiba wa Wakatoliki wa Ufaransa

Mwaka wa 1878 Mfaransa mmoja, Eugène Bontoux, alianzisha banki iliyoitwa Union Générale. Alitaka iwe banki ya Wakatoliki, nao Wakatoliki wakaiamini. Wakubwa wenye mashamba walileta feza zao. Mapadri wa parokia, wajane na watu wadogo waliokuwa wameweka akiba kidogo kidogo wakaleta zao pia. Banki ilishika kazi za njia za reli katika Austria na Serbia. Hisa zake, ambazo zilitolewa kwa faranga 500, zikapanda mwezi kwa mwezi hata zikapita faranga 3,000 mwishoni mwa mwaka wa 1881. Watu wengine walikopa ili wanunue nyingine. Na banki yenyewe ilikuwa ikinunua hisa zake kwa siri ili bei isishuke.

Mwezi wa Januari 1882 mambo yote yalianguka. Bei ilishuka siku kwa siku, wanunuzi wakakimbia, na kabla ya mwezi huo kwisha banki ikafunga milango yake. Bontoux akakamatwa. Katika Lyon na Paris jamaa nyingi zilipoteza akiba ya maisha yao yote.

Ndugu msomaji, fikiri sana juu ya jambo hili. Mtu ambaye angepima hatari ya hisa hizo katika miaka ya kupanda, kwa kutazama siku za kawaida tu, angesema: hakuna neno, bei inakwenda vizuri, inatikisika kidogo tu. Methali yetu inasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli kwa kuweka akiba. Lakini hasara ya bursa haiji kwa haba na haba. Huja kama mto uliofurika usiku mmoja.

Padri Boscovich na vipimo vitano

Sasa turudi nyuma kidogo. Ruggero Boscovich alizaliwa mwaka wa 1711 katika mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, katika nchi ya Kroatia. Akiwa kijana aliingia katika Shirika la Yesu huko Roma, akawa mwalimu wa hesabu katika chuo kikubwa cha Wajezuiti. Nyufa zilipoonekana katika kuba la kanisa la Mtakatifu Petro, Papa Benedikto XIV alimwita yeye na mapadri wengine wawili wachunguze, nao wakashauri lifungwe kwa mikanda ya chuma.

Papa huyo alimtuma pia, pamoja na Padri Christopher Maire, Mjezuiti Mwingereza, kupima ardhi kutoka Roma hata Rimini. Walifanya kazi hiyo toka mwaka wa 1750 hata 1752, wakipanda milima na kubeba vyombo vyao. Kwa nini? Newton alikuwa amesema kwamba dunia si mviringo kamili, bali imebanwa kidogo kwenye ncha zake za kaskazini na kusini. Kama ni hivyo, urefu wa degre moja juu ya ardhi hautakuwa sawa mahali pote. Wapimaji wengine walikuwa wamekwisha kwenda mbali: Quito katika Amerika ya Kusini, Lapland penye baridi kali, na karibu na Paris. Na huku kwetu Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, alipima Mfaransa, Abbé Nicolas-Louis de Lacaille, mwaka wa 1752.

Basi Boscovich akawa na vipimo vitano mkononi. Lakini havikupatana. Ukichukua viwili viwili unapata jozi 10, na kila jozi ilimpa jibu lake juu ya umbo la dunia, wala hakuna majibu yaliyolingana. Afanyeje? Achague jozi inayompendeza na kutupa nyingine? Hapana, huo si uaminifu. Kila kipimo kilikuwa kazi ya watu wenye bidii; na katika kila kipimo mlikuwa na kosa fulani, ila hakuna aliyejua kosa gani na kubwa namna gani.

Mwaka wa 1757 alitoa kanuni yake. Alisema: tutafute mstari mmoja unaopita katikati ya vipimo vyote. Kwanza, makosa ya kuzidi na makosa ya kupungua yalingane. Pili, tukijumlisha makosa yote, bila kuangalia kama ni ya kuzidi au ya kupungua, jumla hiyo iwe ndogo iwezekanavyo. Kwa njia hii hakutupa kipimo hata kimoja, wala hakukiruhusu kipimo kimoja kuvitawala vingine.

Baadaye ilijulikana kwamba kipimo cha Rasi ya Tumaini Jema kilikuwa na kosa kweli. Lacaille hakuwa mzembe. Milima ya mahali pale ilivuta timazi yake kidogo, ikaacha kusimama wima kamili. Mtu mwaminifu na chombo kizuri, lakini namba iliyotoka ilikuwa imepotoka. Mambo kama hayo hutokea katika kila hesabu ya wanadamu.

Namna mbili za kupata katikati

Tueleze jambo hili kwa mfano wa sokoni. Mtu anataka kujua bei ya kipimo kimoja cha unga. Anauliza akina mama saba, anaandika: 48, 49, 50, 50, 51, 52 na 500. Ile ya mwisho ni kosa la kalamu: aliongeza sifuri. Sasa achukue wastani, yaani ajumlishe zote na kugawanya kwa saba: anapata zaidi ya 114. Lakini hakuna mama hata mmoja anayeuza kwa bei hiyo! Namba moja mbovu imeharibu jibu lote. Ni kama ile methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Sasa azipange namba zake kwa mfuatano, kutoka ndogo hata kubwa, na kuchukua ile iliyosimama katikati, ya nne: anapata 50. Jibu zuri. Hata kama kosa lingekuwa 5,000 au 50,000, jibu lingebaki 50. Kanuni ya Boscovich ya kufanya jumla ya makosa kuwa ndogo, ikitumika kwa orodha ya namba kama hii, hutupa hasa ile namba ya katikati.

Ni vile vile kwa kupima mtawanyiko, yaani namna bei zinavyoachana. Njia ya kawaida, inayotumia wastani na mraba wa kila kosa, inasema katika mfano wetu kwamba bei zinaachana kwa zaidi ya 150. Njia ya pili ni kuangalia umbali wa kila bei kutoka 50, na kuchukua umbali wa katikati. Umbali ni 0, 0, 1, 1, 2, 2 na 450. Wa katikati ni 1. Ipi inasema ukweli juu ya soko lile? Kila mama anayenunua unga anajua.

Kengele ya Gauss

Hata hivyo dunia haikufuata njia ya Boscovich. Mwaka wa 1805 Mfaransa Legendre, na mwaka wa 1809 Mjerumani Gauss, walitoa kanuni nyingine: kila kosa lizidishwe kwa lenyewe, kisha jumla ya miraba hiyo iwe ndogo iwezekanavyo. Kanuni hiyo ni rahisi kuhesabu kwa kalamu na karatasi, ndiyo maana ilienea upesi. Lakini tazama matokeo yake: kosa la 1 linahesabiwa 1, na kosa la 10 linahesabiwa 100. Ni kama baraza la wazee ambamo anayepiga kelele zaidi anapewa kura nyingi kupita wote. Boscovich alimpa kila mzee sauti kwa kadiri ya kosa lake tu. Gauss alimpa mwenye kelele kiti cha mfalme.

Gauss alionyesha kwamba njia yake ni bora kabisa, ikiwa makosa yamepangwa kwa umbo la kengele: mengi madogo katikati, na machache sana makubwa pembeni. Watu walilipenda umbo hilo. Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliyeanzisha nyumba ya kuchunguzia nyota huko Brussels, aliliona hata katika vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Scotland. Wengi wakaanza kuamini kwamba mambo yote duniani yanafuata kengele hiyo.

Na bursa je? Tarehe 29 Machi 1900 kijana Mfaransa, Louis Bachelier, aliwasomea walimu wake wa Paris kazi yake juu ya bei za bursa. Mmoja wa walimu hao alikuwa Henri Poincaré, bingwa mkubwa wa hesabu. Bachelier alisema kwamba bei hutembea kama mlevi asiyejua aendako: kila hatua yaweza kwenda juu au chini. Akaonyesha kwamba baada ya siku 4 mtawanyiko hauwi mara 4 bali mara 2, na baada ya siku 100 huwa mara 10. Hilo lilikuwa wazo la akili nyingi. Lakini alizipanga hatua hizo kwa umbo la kengele. Kazi yake ilisahauliwa kwa miaka 50 hivi. Mwaka wa 1952 Mmarekani Harry Markowitz akafundisha kupima hatari ya hisa kwa mtawanyiko ule ule wa miraba, na kazi ya Bachelier ikafufuliwa katika miaka hiyo. Hivi kengele ya Gauss ikaingia katika ofisi za banki.

Pamba, nyota na namba mbovu

Mwaka wa 1963 Benoît Mandelbrot, aliyezaliwa Warszawa na kulelewa Ufaransa, alichunguza bei za pamba za miaka mingi. Aliona kwamba hazikufuata kengele. Siku za misukosuko mikubwa zilikuwa nyingi mno. Mwaka wa 1965 Mmarekani Eugene Fama alichunguza hisa 30 kubwa za New York, akaona jambo lile lile.

Tuone maana yake kwa namba. Tuseme hisa hutikisika kwa kawaida asilimia 1 kwa siku. Kama kengele inasema kweli, kushuka kwa asilimia 5 katika siku moja kutatokea mara moja tu katika miaka karibu 14,000. Lakini huko New York siku za namna hiyo zimetokea mara nyingi katika karne moja tu.

Wakati ule ule wenye hesabu wengine walikuwa wakichunguza kanuni ya Gauss yenyewe. Mwaka wa 1914 mchunguza nyota Mwingereza, Arthur Eddington, alisema kwamba katika kazi yake kupima mtawanyiko bila miraba kulimfaa zaidi. Mwaka wa 1920 Ronald Fisher alimjibu kwa hesabu kwamba, kama kengele ni kamili, miraba ni bora. Wengi wakafikiri neno limekwisha. Lakini mwaka wa 1960 John Tukey wa Princeton alionyesha jambo la kushangaza: zikiingia namba mbaya mbili tu katika elfu moja, Eddington ndiye anayeshinda. Na ni nani aliye na orodha ya namba 1,000 isiyo na mbili mbaya?

Mwaka wa 1964 Mswisi Peter Huber alitoa kanuni iliyowapatanisha Gauss na Boscovich. Makosa madogo, yaliyo karibu na katikati, yapimwe kwa miraba kama alivyotaka Gauss. Makosa makubwa yapimwe bila miraba, kama alivyotaka padri. Hivi kila namba inasikilizwa, lakini hakuna namba inayopiga kelele kupita kiasi. Frank Hampel akaongeza swali la busara: ni namba ngapi mbovu zinazotosha kuiharibu hesabu kabisa? Kwa wastani, moja yatosha. Kwa namba ya katikati, ni lazima zifike karibu nusu ya zote. Na mwaka wa 1984 Mbelgiji Peter Rousseeuw alitoa kanuni inayovumilia vile vile wakati mambo mengi yanapopimwa pamoja. Hilo lina faida katika bursa, maana siku moja ya ghasia yaweza kufanya hisa mbili zisizo na ujamaa zionekane kama mapacha. Hesabu za namna hii zote tunaziita hesabu imara.

Siku za majuto

Masomo hayo yalikuwapo vitabuni, lakini ofisi nyingi za banki zilishika kengele. Tarehe 19 Oktoba 1987 bei za hisa huko New York zilishuka kwa asilimia 22.6 katika siku moja. Kwa hesabu ya kengele, siku kama hiyo haikupaswa kutokea hata mara moja toka kuumbwa kwa dunia.

Mwaka wa 1994 banki ya J.P. Morgan ilitangazia watu wote namna yake ya kuhesabu hatari. Mabwana wa banki walitaka kupata kila jioni namba moja tu: hasara ambayo katika siku 99 kati ya 100 hatutaizidi. Swali hilo ni zuri. Lakini wengi walilijibu kwa kengele, na tena wachache waliuliza: je, ile siku ya 100 itakuwaje?

Mwaka huo huo lilianzishwa shirika la Long-Term Capital Management, lililokuwa na mabingwa wawili, Myron Scholes na Robert Merton, ambao walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1997. Mwezi wa Agosti 1998 Urusi ilishindwa kulipa madeni yake, masoko yakafadhaika, na shirika hilo likapoteza zaidi ya dola milioni 4,000 katika miezi michache. Banki 14 zililazimika kutoa dola milioni 3,600 ili lisianguke na kuangusha wengine. Mwezi wa Agosti 2007 mkuu wa feza wa Goldman Sachs, David Viniar, alisema kwamba wameona siku kadhaa mfululizo ambazo mtikisiko wake ulikuwa mara 25 ya kawaida. Siku moja ya namna hiyo, kwa hesabu ya kengele, haiwezekani. Na yeye alihesabu kadhaa. Hakuna muujiza hapo. Kipimo ndicho kilichokuwa kibovu. Mwaka uliofuata banki ya Lehman Brothers ilianguka, na watu wengi duniani wakapoteza kazi na nyumba.

Kosa na gharika

Hapa tunafika penye fundo la habari yetu. Msomaji mwerevu atauliza: kama hesabu imara hupunguza sauti ya namba kubwa, je, haitatuficha zile siku mbaya tunazoziogopa? Swali hili ni la haki. Ile 500 ya sokoni ilikuwa kosa la kalamu. Lakini ile asilimia 22.6 ya mwaka wa 1987 haikuwa kosa la kalamu. Ilikuwa gharika ya kweli. Anayeitupa gharika kana kwamba ni kosa, anajidanganya kuliko hata yule wa kengele.

Kwa sababu hiyo wenye hesabu hutenganisha maswali mawili. Swali la kwanza: siku ya kawaida ikoje? Hapo hesabu imara ndiyo dawa, kwa sababu gharika moja ya zamani, au namba moja iliyoandikwa vibaya, isiharibu picha ya siku zote. Swali la pili: gharika yaweza kuwa kubwa namna gani? Hapo ni lazima kuzichukua siku mbaya zenyewe na kuzichunguza peke yake. Njia hiyo ilikomazwa na misiba ya maji. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivunja kingo za Uholanzi, watu 1,836 wakafa. Waholanzi hawakuuliza wastani wa maji ni kiasi gani. Walichunguza mafuriko makubwa, wakaamua kwamba kingo za sehemu ya magharibi ya nchi yao zipimwe kwa gharika inayokuja mara moja katika miaka 10,000. Baadaye Mbelgiji Paul Embrechts na wenzake wawili waliandika kitabu, mwaka wa 1997, wakionyesha namna ya kutumia hesabu hiyo katika mambo ya feza na bima.

Na kanuni ya Padri Boscovich ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1978 Wamarekani Roger Koenker na Gilbert Bassett walisema: tukiyapa makosa ya juu na ya chini uzito ulio sawa, tunapata mstari wa katikati. Lakini tukiyapa uzito tofauti, tunaweza kupata mstari ambao chini yake kuna moja tu katika 100. Huo ndio mstari wa hasara ambao mabwana wa banki waliutafuta kila jioni, na sasa waweza kupatikana bila kuitegemea kengele. Waangalizi wa banki za dunia, wanaokutana Basel katika Uswisi, wameamua pia kwamba haitoshi kujua mpaka wa hasara. Ni lazima kuhesabu hasara ya kadiri gani inangoja nyuma ya mpaka huo.

Na sisi je?

Wengi wetu hatuna hisa katika bursa yoyote. Lakini hatari tunayo. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1991, wakati michezo ya feza kama ule wa Bindo ilipoanguka huko Kinshasa. Watu walikuwa wameona wenzao wakilipwa faida kubwa kwa miezi, wakasema: hatari iko wapi? Walipima kwa siku za kawaida tu. Ndivyo walivyosema pia wale Wakatoliki wa Lyon mwaka wa 1881, na ndivyo walivyosema mabingwa wa mwaka wa 1998. Jina takatifu juu ya mlango wa banki halikuwaokoa wale, wala tuzo ya Nobel haikuwaokoa hawa. Busara ni fadhila, nayo ina kazi ya kufanya: kuuliza mali hii inalindwa na nini siku ile mbaya ikija. Kitabu cha Mhubiri kinatushauri kuigawa mali katika mafungu saba au hata manane, kwa sababu mtu hajui msiba gani utaifikia nchi. Mkulima anayepanda kahawa, maharagwe na mihogo katika shamba moja amekwisha kulifahamu shauri hilo, ingawa hakusoma Markowitz.

Tena tumwangalie Yusufu katika nchi ya Misri. Farao aliota juu ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Kama Yusufu angechukua wastani wa miaka ile 14, huenda angesema: chakula kitatosha, tusiwe na wasiwasi. Na watu wangekufa njaa katika mwaka wa nane wakiwa na hesabu nzuri mkononi. Yeye hakufanya hivyo. Aliitazama miaka mibaya yenyewe, akaamuru sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe akiba mjini, katika kila mwaka wa shibe. Njaa ilipokuja, aliwakuta watu wa Misri wana ghala zilizojaa, na hata ndugu zake mwenyewe walikuja huko kutafuta nafaka.